Ngazi ya jikoni kwa kabati za juu: jinsi ya kupima, kuchongesha na kuifunga

Nyumba nyingi za huku kwetu Mwanza zimebanwa na mawe. Ukipanda Isamilo, Bugando, Mabatini, Igogo, mtu kiwanja chake kiko katikati ya majabali, kutanua jiko pembeni haiwezekani, kwahiyo fundi anakwambia tupande juu tu, kabati zinaanzia kwenye kaunta zinaenda mpaka siling. Kwakweli zinapendeza na zinabeba vitu vingi. Shida inaanza siku mama anataka sufuria kubwa ya shughuli au anataka debe la michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa) alilolihifadhi kule juu, anavuta kiti cha plastiki, akiona hakitoshi anapanda juu ya kaunta kwa magoti, mkono mmoja umeshika mlango wa kabati. Mlango wa kabati umeshikwa na bawaba mbili tu za skrubu ndogo ndani ya mbao ya MDF (ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa), haukutengenezwa kubeba mtu. Na sakafu chini ni marumaru.

Naandika hii kwa wote wenye jiko la namna hiyo, wanaojenga sasa hivi na walioshahamia, maana ngazi ya jikoni ni kitu ambacho fundi wa kawaida wa mtaani anaweza kukutengenezea vizuri kabisa kama wewe mwenyewe umejua unachotaka. Na kitu kikubwa cha kuelewa ni kwamba wengi tunahangaika na ngazi yenyewe, mbao gani, rangi gani, wakati kinachoamua kama utakuwa salama ni sehemu mbili tu: pale juu inaposhikia na pale chini inapokanyaga. Hizo mbili zikiwa imara, hata ngazi ya paini ya bei ya kawaida inakutosha miaka.

Kabla hujamuita fundi, pima. Vua viatu, simama mbele ya kabati, inua mkono uweke alama ya penseli pale kiganja chako kinaposhika kitu vizuri (sio pale ncha za vidole zinapogusa, hapo hushiki kitu). Mtu wa sentimita 160 anashika vizuri mpaka mita 1.9 hivi. Kisha pima kutoka sakafuni mpaka shelfu ya juu kabisa, tuseme iko mita 2.55. Toa hapo, inabaki sentimita 65. Kidato cha ngazi kwa kawaida kinapishana na mwenzake sentimita 25 mpaka 30, tukichukua 25, basi wewe unahitaji kusimama kidato cha tatu tu, sentimita 75 kutoka chini. Watu wengi wanashangaa hapo, wanadhani wanahitaji kupanda mita mbili kumbe ni vidato vitatu. Apime yule anayetumia jiko, na kama ni wawili basi chukua kipimo cha yule mfupi.

Kama kabati zako zinaanzia sakafuni, yaani hakuna kaunta mbele yake, na ni vidato viwili vitatu tu, usijipe gharama, nunua ngazi fupi ya alumini ya kukunja yenye vidato vipana au chongesha kigoda cha vidato vitatu, ukiweke pembeni ya friji. Ukiwa umepanga pia nakushauri hivyo hivyo, maana hii nyingine ya kuning'iniza inahitaji kutoboa ukuta na mwenye nyumba lazima akubali. Lakini pale ambapo kuna kaunta ya sentimita 60 mbele na kabati ziko nyuma yake, kigoda kinakuweka mbali na kabati, unainama mbele juu ya kaunta huku umebeba kitu, na hapo ndo mtu anaanguka. Hapo ngazi ya kuning'iniza kwenye bomba lililofungwa mbele ya kabati inashinda, kwasababu juu imeshikwa, haiwezi kulala pembeni wala kurudi nyuma.

Kuna wanaotaka ile ya magurudumu inayoteleza kwenye reli kama za maktaba na maduka ya zamani. Ni nzuri sana, Marekani kuna kampuni ya New York inaitwa Putnam inazitengeneza tangu 1905 na hiyo ndo kazi yao. Lakini kwa jiko la mita tatu huna pa kuteleza, na magurudumu yanataka sakafu iliyonyooka kweli na breki zinazoshika. Kwa jiko la kawaida mimi nasema bomba na kulabu, basi. Unaitundika, unapanda, ukimaliza unaitoa.

Sasa bomba likae wapi. Kabati nyingi za kupanda juu zina safu mbili, za chini zinaanzia kama mita 1.45 na kuishia mita 2.15 hivi, alafu zile za juu zinaanzia 2.2 kwenda siling. Bomba linakaa kwenye mstari ule unaotenganisha hizo mbili, chini kidogo ya milango ya juu, ili milango ifunguke ngazi ikiwa imetundikwa. Ukiliweka juu zaidi milango inagonga, ukiliweka chini sana unakosa cha kushika ukiwa juu. Na habari njema ni kwamba nyumba zetu nyingi lenta imepita kuzunguka nyumba nzima usawa wa juu ya milango, yaani mita 2.1 kwenda mpaka kama 2.3, kwahiyo ule mstari wa bomba unaangukia palepale kwenye zege lenye nondo. Hakuna sehemu nzuri zaidi ya kufungia kitu cha kubeba mtu. Gonga ukuta kwa nyundo ndogo usikilize, au muulize aliyejenga, au pima kutoka juu ya fremu ya mlango wa jikoni.

Kama kabati bado hazijafungwa, umebahatika, fanya hivi: mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze mikono ya skwea paipu ya sentimita 4 kwa 4, urefu sentimita 42 kama kabati zako zina kina cha 35, nyuma ya kila mkono achomelee bamba la chuma la sentimita 15 kwa 15 lenye unene wa milimita 6 na matundu manne. Mikono inafungwa kwenye lenta, mmoja kila baada ya sentimita 80, na fundi wa kabati anaacha nafasi ya sentimita 5 kati ya maboksi ya chini na ya juu ili mikono ipite katikati, alafu anaziba ile nafasi kwa kipande cha mbao mbele. Bamba lipimwe na anayefunga maboksi ya chini kabla hajayaweka, maana lenyewe ni pana kuliko ile nafasi, nyuma ya maboksi lazima akate kidogo likae. Bomba linachomelewa mwisho wa mikono. Hapo mzigo wote unaenda kwenye zege na kabati hazijui kama kuna mtu amepanda.

Kwa kabati ambazo zimeshafungwa kazi inakuwa ngumu kidogo ila inawezekana. Usikubali kabisa fundi afunge bomba kwa skrubu kwenye uso wa MDF peke yake. Atakwambia "dada hii imekaza", na kweli siku ya kwanza itakuwa imekaza, lakini MDF ikinyonya mvuke wa jikoni na unyevu wa masika skrubu inalegea taratibu bila wewe kuona. Anachotakiwa kufanya ni kuweka ubao wa inchi mbili kwa nne kwenye ule mstari, bolti zipite mpaka ndani ya kabati, na huko ndani kila baada ya sentimita 80 aweke chuma cha pembe, engo, kinachotoka kwenye ubao kufuata ubavu wa boksi mpaka ukutani na kufungwa huko. Utapoteza nafasi kidogo ndani ya kabati, sio mbaya. Wale wenye kabati za kujengea, za tofali na mashelfu ya zege, nyie fungeni kwenye kuta zile za kusimama, sio kwenye ukingo wa shelfu, maana ukingo ule ni mwembamba, ukitoboa karibu na mwisho unameguka.

Kwenye kutoboa simama hapohapo umuangalie fundi. Kwanza zima meini swichi (drili iwe ya betri), na usitoboe juu moja kwa moja ya soketi au swichi, kwasababu waya nyingi zinashuka wima kutoka darini kuja kwenye ile soketi. Pili, plasta haibebi kitu. Ukuta umepigwa plasta ya sentimita moja na nusu mpaka mbili, na kama kuna marumaru juu yake ongeza tena, kwahiyo bolti ya sentimita 6 ikiingia kumbe ndani ya zege imeingia sentimita 3 tu. Chukua bolti nene ya milimita 10 za kutanuka ndani ya ukuta, ziwe ndefu za kutosha kuingia sentimita 7 ndani ya zege lenyewe. Zile fisha za plastiki ni za kutundika picha na pazia, hapa hazihusiki. Drili ikigonga nondo, asilazimishe kuikata, asogeze tundu sentimita mbili tatu, na ndo maana bamba utoboe matundu baada ya kujua zege likoje au uyafanye marefu kidogo. Tundu likishatobolewa lipulizwe vumbi litoke lote. Hili wengi hawafanyi, bolti inakaa juu ya unga, inazunguka bila kukaza.

Bomba lenyewe tumia la maji la chuma lisiloshika kutu, la inchi moja. La plastiki hapana, na lile jembamba la pazia hapana. Lianzie na liishie mbali na jiko la gesi, acha angalau sentimita 60, ili ngazi isiweze kabisa kutundikwa mtu akasimama juu ya moto. Miisho yote miwili ichomelewe kizuizi, hata nati kubwa, kulabu isichomoke pembeni.

Tuje kwenye ngazi. Mteremko wake unafuata hesabu ya moja kwa nne: kila mita nne kwenda juu, mguu unatoka mita moja. Kwa bomba la mita 2.2 mguu utatoka sentimita 55 kutoka usawa wa bomba. Chukua mfano wetu, bomba liko sentimita 42 kutoka ukutani, jumlisha 55, miguu ya ngazi itakanyaga sentimita 97 kutoka ukutani. Ikifika usawa wa kaunta, sentimita 90, ngazi itakuwa sentimita 74 hivi kutoka ukutani wakati kaunta na mdomo wake inaishia 62. Inapita bila kugusa. Fanya hesabu hii kwa vipimo vyako kabla ya kukata mbao, au chukua mbao ndefu iliyonyooka uiegemeze uone kwa macho, na uangalie pia kama mlango wa jikoni unafunguka na kama mtu anabaki na nafasi ya kusimama nyuma yake. Jiko la upana wa mita moja na nusu litabana kweli. Urefu wa ngazi kwa mfano huu ni mita 2 na sentimita 27, ongeza kidogo ukate baadae.

Mbao, mninga na mkongo ni imara na nzuri kwa macho, ila kumbuka hii ngazi utainyanyua kila siku, na mninga ni mzito. Paini inatosha, iwe ya Mafinga au zile za Buhindi na Rubya za hukuhuku kanda ya ziwa, muhimu iwe imekauka na uichague mwenyewe ubao mmoja mmoja. Uweke jicho lako kwenye ncha moja uangalie kama umenyooka. Alafu angalia macho ya mbao, yale mafundo meusi, nguzo za ngazi zisiwe na fundo hata moja kubwa, hasa pembeni, maana hapo ndo inapokatika. Nyuzi za mbao zikimbie kufuata urefu. Ukinunua kipindi cha mvua mbao zimekaa nje zimelowa, ziache ndani wiki kadhaa zimepangwa na vipande katikati zipate hewa, la sivyo ukishatengeneza zinapinda na vidato vinalegea.

Nguzo mbili za mbili kwa nne zilizopigwa randa, katikati upana wa sentimita 40, vidato vya unene wa sentimita 3 na upana wa sentimita 9 au 10 ili mguu ukae, sio fimbo za duara, miguu mitupu ikisimama kwenye fimbo dakika tano inauma na unaanza kuhamahama. Kila kidato kiingie kwenye mfereji wa sentimita moja uliochongwa kwa patasi ndani ya nguzo, gundi ya mbao, na skrubu mbili ndefu kila upande. Bila ule mfereji kidato kinabebwa na skrubu peke yake. Na mifereji ichongwe kwa pembe, ngazi ikiegemea vidato viwe sawa na sakafu, hapa ndo unaleta pima maji. Chini ya kidato cha kwanza na cha mwisho pitisha nondo ya uzi (iliyochongwa nyuzi kama bolti) yenye nati na washa huku na huku, zinabana nguzo zisitanuke. Miguu ikatwe kwa ule mteremko ikae bapa chini, alafu upige raba ya tairi chini yake kwa gundi na skrubu zilizozamishwa, kichwa cha skrubu kisiguse marumaru.

Kulabu zitoke kwenye flati baa ya milimita 6, upana sentimita 4. Ikunjwe imeze bomba lote, mdomo ushuke sentimita 5 kupita katikati ya bomba, sio kulabu fupi ya kugusagusa. Kila kulabu bolti mbili zinazopita nguzo yote, na ndani ya kulabu gundisha raba ya tyubu ya baiskeli, inazuia kelele na kukwaruza. Kwa kutundika unapaswa kunyanyua ngazi sentimita kama 7 ndipo itoke. Ikitoka kwa kusukumwa tu kidogo, mrudishie fundi.

Kumalizia piga msasa, vanishi ya nguzo sawa, lakini juu ya vidato usiache vanishi inayong'aa peke yake maana inateleza, mwagia mchanga laini uliochekechwa kwenye vanishi mbichi, ikikauka unapaka tena juu.

Kabla mtu hajapanda, jaribu na saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50. Mifuko mitatu ni kilo 150, na hicho ndo kipimo cha juu ambacho ngazi za viwango vya Ulaya zinatakiwa kubeba. Itundike, weka mfuko mmoja kidato cha tatu uufunge kwa kamba, kisha wa pili, kisha wa tatu ukiegemea kidato cha nne, watoto wakae mbali. Acha nusu saa. Angalia kwenye bamba la ukutani kama kuna ufa mwembamba kwenye plasta, angalia bomba limepinda katikati, sikiliza kidato kama kinalia. Kisha vuta miguu ya ngazi nyuma kidogo uone kulabu zinashikilia. Mifuko ikikaa kimya, shusha, panda wewe taratibu mwenzako ameshika chini.

Kwenye matumizi, usipande zaidi ya pale bomba linapokuwa usawa wa kifua chako. Kwa mtu wa sentimita 160 na bomba la mita 2.2 hicho ni kidato cha nne, hapo mkono mmoja unashika bomba. Vile vidato vya juu yake ni vya kushika tu. Panda ukiangalia ngazi, mikono mitupu, na kitu kikubwa mpokezane na mtu wa chini. Kama jikoni uko peke yako na kitu kinahitaji mikono miwili, basi hicho kitu hakikutakiwa kukaa kule juu. Juu weka vyepesi na vya mara moja moja: hotpoti za wageni, sinia, vyombo vya plastiki, michembe, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) kwenye madebe yenye mifuniko maana juu kuna joto na mvuke. Mchele, unga wa udaga (muhogo uliovundikwa ukakaushwa) wa kilo nyingi, blenda, mafuta ya kupikia, hivyo vyote chini. Dagaa pia usiwapeleke juu, harufu inabaki kwenye mbao na inashuka kila ukifungua.

Sakafu ifutwe kabla ya kutundika, hasa ukiwa umetoka kukaanga sato, matone ya mafuta kwenye marumaru huyaoni. Na ukimaliza ngazi isibaki imening'inia, mtoto wa miaka miwili anapanda vidato bila hata kufundishwa. Piga kulabu mbili ukutani kwenye korido au stoo, itundike imelala ubavu usawa wa bega lako. Baada ya wiki mbili za mwanzo kaza bolti na nati zote maana mbao inajipanga, alafu rudia masika yakiisha, kagua raba za chini pia, zikishakuwa laini na kung'aa zimeisha, kata nyingine kwenye tairi kuukuu ubadilishe siku hiyohiyo.